Alama za Vidole

Bonyeza tena, mama, alisema kijana wa dirisha la nne,
futa kidole, bonyeza tena.
Nikabonyeza. Kioo kikawaka kijani, kikazima.
Mashine haikuona mtu.

Miaka kumi na tisa napiga msasa
nyuma ya soko la Kibuye, kibandani kwa Nzioki:
yeye na tezo, mimi na karatasi,
namba themanini, mia na ishirini, mia mbili na arobaini,
na karatasi zikiisha, jani la mti wenye jina hilohilo,
msasa, ambalo mama alisugulia masufuria kule Seme.
Kijana, ukinitafuta, usiulize kioo.
Uliza mbao.

Dole gumba limebaki kwenye mpingo.
Kigogo kimoja tu, kilichofika Kisumu chini ya magunia ya nazi,
gandale jeupe kama ugali, moyo mweusi tii.
Nzioki alikitia kwenye ndoo ya maji:
kikazama kama mtu mwenye deni.
Siku kumi na moja alichonga kiboko,
tezo ikilia ungedhani inapiga reli,
nami nikala karatasi ishirini, au zilinila,
vumbi likanipigisha chafya hadi Jumapili, katikati ya sala.
Hakikudai rangi. Kilipong'aa
nilijiona ubavuni mwake, uso mdogo,
umenuna kidogo.

Jakaranda haikuchukua kitu.
Laini kama muhogo uliochemka, asubuhi gogo, jioni twiga,
kisha dawa ya viatu, brashi, dawa ya viatu.
Huu ni mpingo? mgeni huuliza.
Mpingo halisi, hujibu Nzioki. Mimi hutazama upande wa ziwa.
Mpaka mtoto wa mteja alipomtumbukiza twiga
kwenye ndoo ileile.
Akaelea. Maji yakawa wino.
Tulikuja kucheka, lakini si siku hiyo.

Vya kati viwili viligawanywa, sijui kipi kwa nani.
Mzeituni wa Londiani ulichukua chake:
mti wa mafuta, una mishipa ya kahawia
inayokwenda inakotaka, na mchongaji huifuata.
Ukiukausha kwa haraka hukulipa usiku,
paa! gizani, kama mtu aliyekumbuka jambo.
Nzioki huufukia kwenye vumbi la mbao miezi saba
na huamka kuutazama kuliko alivyoamkia wanawe.

Muhuhu nao. Huo hauishi kunukia.
Nilifunga vumbi lake kwenye leso
nikaliweka kabatini penye makoti ya Odindo,
nondo wasile.
Sasa nikifungua mlango sijui
ni mti unaotoka au ni yeye.

Na mvule, ule wa Yala, walioukata barabara ilipopanuliwa,
wazee wakinung'unika pembeni, mikono mgongoni.
Tulinunua tawi moja. Msumeno ukaingia vizuri, manjano, manjano,
kisha ukapiga yowe na meno matatu yakaruka.
Jiwe! Ndani ya mti, jeupe, kubwa kama yai la kanga.
Hakuna aliyelitia. Mvule hulitengeneza mwenyewe
pale ulipowahi kuumia,
tone juu ya tone, bila kumwambia mtu.
Nzioki alitukana msumeno. Mimi nililiokota.
Limo humu mkobani, pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Kazi yako?
Mpiga msasa.
Akaandika: biashara ndogo.
Hebu kile kidogo, cha kushoto.
Kile ninachokiinua juu nikisugua,
kama bibi anywaye chai kwa watu.
Kioo kikawaka, hakikuzima.
Pete ndani ya pete ndani ya pete,
gogo lililokatwa leo asubuhi.
Niliinama nizihesabu.

Mwingine! akaita kijana.